Hiace inarukaruka nyuma: nijaze upepo ngapi?
Wakuu, habari za asubuhi. Naombeni ushauri.

Nina Hiace ya dizeli, matairi 195R15 yale ya mzigo, 8PR (alama ya uimara wa tairi kubeba mzigo). Napeleka wageni Marangu kutokea Moshi, kawaida watu sita na mabegi yao. Kurudi mara nyingi niko tupu. Fundi pancha wangu hapa Majengo hujaza psi 55 (kipimo cha upepo) yote manne, "yasiishe haraka". Sasa kila tuta nyuma inaruka. Juzi mama mmoja chai ya chupa ilimwagikia gauni lote, nikaona aibu kweli.

Nimebadilisha shokapu za nyuma, nafuu kidogo tu. Nikashusha hadi 40 mbele na 42 nyuma: ikalainika, lakini usukani ukawa mzito, na tulipofika na mzigo tairi za nyuma hazishikiki kwa moto. Nikarudisha upesi. Kibandiko cha mlangoni kinachoonyesha upepo wa kujaza kimefutika, kimebaki Kijapani nusunusu. Napima kwa geji yangu asubuhi kabla gari halijatembea (geji ya fundi inatofautiana na yangu kwa 4, sijui nani mwongo).

Wenye gari kama hili, kwa mzigo huo mnajaza ngapi mbele na ngapi nyuma? Na nikirudi tupu nipunguze, au najisumbua?