Baba mdogo hataki kupeleka korosho ghalani: ni tahadhari?

Swali (Newala): Ndugu zangu, baba yangu mdogo amekataa kupeleka korosho chama cha msingi (ushirika wa wakulima), akisema wote ni wezi, na badala yake anawauzia watu wa kangomba (wanunuzi wa mitaani wasio rasmi) kwa bei ya chini. Je, hiyo bado ni tahadhari?

Jibu (Masasi): Mashaka yake yana chimbuko, kwa kuwa tangu stakabadhi ghalani (mfumo wa kukabidhi mazao ghalani kwa risiti hadi yauzwe mnadani) ianze kwenye korosho mwaka 2007, imewahi kutokea malipo yakachelewa na makato yakazua malalamiko. Lakini mwenye tahadhari husimama mizanini, akasoma uzito mwenyewe, akahakikisha kilo na daraja vimeandikwa kwenye stakabadhi kabla ya kuondoka, kisha akafuatilia mnada ajue bei iliyofikiwa. Mtu huyo akiona hesabu imenyooka, hubadili mawazo. Baba yako mdogo hakagui chochote.

Jibu (Lindi): Kinachoniuma ni kwamba mnunuzi wa kangomba, anayepima kwa bakuli pasipo karatasi yoyote, yeye hashukiwi hata kidogo. Muulize mzee kwa heshima ni kitu gani akikiona kitamridhisha. Akikitaja, pelekeni mzigo mdogo kwanza, nawe uwepo mizanini.