Petroli inapopanda bei: tuanze na gari la nyumbani au gari linalotembea kutwa?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, kila petroli inapopanda bei mjadala wa magari yanayotumia nishati mbadala hufufuka, na kila inaposhuka mjadala huo hufifia. Naomba tujadili swali moja tu. Serikali yenye fedha chache za kuwasaidia watu wake kuachana na petroli izielekeze kwa nani kwanza? Msimamo wangu ni kwamba zianze na magari yanayotembea kutwa, yaani mabasi ya mijini, teksi na pikipiki za abiria, na kwamba nishati ya kuyaendesha iwe umeme. Gari la mtu binafsi, ambalo sehemu kubwa ya siku limeegeshwa, lisubiri zamu yake.

Nianze na historia, kwa sababu tumekwisha kuipitia njia hii zaidi ya mara moja. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zilisitisha kuiuzia Marekani na baadhi ya washirika wake, na pipa la mafuta ghafi, ambalo ni lita 159, likapanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12 katika muda wa miezi michache. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 mwanakemia Stanley Whittingham, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Exxon, alitengeneza betri ya lithiamu inayoweza kuchajiwa tena. Mafuta yalipoanza kushuka bei mwanzoni mwa miaka ya 1980, Exxon waliiweka kando kazi hiyo. Iliendelezwa na John Goodenough huko Oxford na Akira Yoshino huko Japani, Sony wakaiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi hao watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Betri inayoendesha magari ya umeme ya leo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya mafuta, nayo ikaiachia kwa sababu bei ya pipa ilibadilika. Mimi jambo hili linaniuma, maana miaka iliyopotea pale hairudi.

Brazil nayo ina somo lake. Mwaka 1975 serikali ilianzisha mpango wa kutengeneza ethanoli ya miwa ili ichukue nafasi ya petroli, na katikati ya miaka ya 1980 idadi kubwa ya magari mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya ethanoli tupu. Kisha mafuta yakaporomoka bei mwaka 1986, sukari ikapata soko zuri nje, viwanda vikageukia sukari, na ilipofika 1989 wenye magari hayo wakawa wanazunguka kutafuta ethanoli bila kuipata. Walikuwa wamefanya walichoombwa na serikali yao, wakaachwa njiani. Imani ilirudi kuanzia mwaka 2003 pale yalipoingia magari yanayokubali ethanoli na petroli kwa kipimo chochote, ambapo dereva huangalia bei mbili kituoni na kujaza ethanoli ikiwa haizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, kwa kuwa lita yake ina nguvu pungufu kwa takriban theluthi moja.

Tangu hapo bei imeendelea kuruka. Julai 2008 pipa lilivuka dola 147, na kabla mwaka haujaisha lilikuwa chini ya dola 40. Katikati ya 2014 lilikuwa juu ya dola 100, na Januari 2016 likawa chini ya 30. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, lilivuka dola 120. Mnunuzi wa gari la nyumbani huamua kwa kuangalia bei ya wiki anayonunua. Mwenye basi hawezi kuamua hivyo, kwa sababu chombo chake kitakunywa mafuta kila siku kwa miaka kumi au zaidi, na kwa hiyo ndiye mtu anayeweza kushikilia uamuzi hata petroli ikishuka.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Lita moja ya petroli imebeba nishati inayokaribia uniti 9, kwa uniti zilezile zinazosomwa kwenye mita ya umeme. Gari dogo linalotumia lita 7 kwa kilomita 100 linachoma basi uniti zipatazo 63. Gari la umeme la ukubwa huohuo hutumia uniti 15 hadi 20 kwa umbali huo. Tofauti hii inatokana na injini, kwani sehemu kubwa ya petroli, kiasi cha robo tatu, huishia kuwa joto linalopitia kwenye rejeta na ekzosi, wakati mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme kuwa mwendo. Mjini hali ya injini huwa mbaya zaidi, kwa sababu basi lililokwama kwenye foleni linaendelea kuchoma mafuta bila kusogea, na kila linapofunga breki nguvu yote iliyokusanywa inapotea kwenye pedi za breki. Mota ya umeme ikisimama haili kitu, na dereva akipunguza mwendo hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri.

Akiba hiyo, hata hivyo, hupatikana kwa kila kilomita inayotembewa, ilhali gharama ya betri hulipwa siku ya kununua. Tuchukue gari la nyumbani linalotembea kilomita 30 kwa siku na teksi inayotembea 200. Ruzuku ileile ikitolewa kwa yote mawili, teksi itaokoa petroli karibu mara saba zaidi. Tena akiba ya basi inamfikia asiye na gari kabisa, kupitia nauli, na huyo ndiye anayeumizwa zaidi bei ya mafuta inapopanda, ingawa hajawahi kushika bomba la petroli. Mtu mwenye uwezo wa kununua gari jipya la umeme, ambaye katika nchi nyingi ndiye amekuwa wa kwanza kufutiwa ushuru, si yeye anayeshindwa kufika kazini kwa sababu ya nauli.

Wala hili si jambo la kufikirika. Mji wa Shenzhen nchini China ulimaliza kubadili mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme ilipofika mwisho wa 2017, na teksi zikafuata mara baada ya hapo.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnikosoe.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakubaliana nawe kwamba tuanze na magari yanayotembea kutwa. Ninapopinga ni pale unaporukia umeme moja kwa moja, kana kwamba gesi asilia haipo. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India iliagiza mabasi ya Delhi yahamie kwenye gesi asilia iliyoshindiliwa, ili kupunguza hewa chafu, na ilipofika mwisho wa 2002 mabasi ya jiji yalikuwa yamehama. Huko hakuna aliyesubiri betri zishuke bei.

Uzuri wa gesi ni kwamba huhitaji gari jipya. Fundi aliyesomea kazi hiyo anafunga mtungi unaohimili shinikizo la bar 200 (takriban mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida) kwenye buti, anapitisha bomba hadi kwenye injini, anaweka kipunguza shinikizo na swichi ya kubadili kati ya gesi na petroli, na gari lilelile linarudi barabarani. Ni kweli buti karibu lote linakwenda na nguvu ya injini inapungua kidogo, lakini mwenye teksi moja, ambaye mtaji wake wote ni hilo gari kuukuu, anaweza kuimudu gharama hiyo. Hesabu yako ya uniti ni sahihi, lakini mtu halipi deni kwa uniti. Ukimwambia auze gari lake, akope na anunue la umeme kwa sababu litamrudishia fedha baada ya miaka mitano, ni sawa na kumwambia abaki na petroli.

Tena wewe umetaja mabasi ya Shenzhen bila kutaja transfoma. Basi moja la umeme lina betri ya uniti mia kadhaa, na ukiegesha mabasi hamsini kwenye yadi moja usiku yote yakichajiwa, yadi hiyo inahitaji umeme wa kiwanda. Mahali ambapo umeme unakatika jioni, asubuhi hakuna basi litakalotoka, na abiria hawataki kusikia habari za gridi, yaani mtandao wa kusambaza umeme.

Mchangiaji wa pili

Mimi nina maswali mawili mafupi. La kwanza, umeme unaosifiwa hapa unatoka wapi? Sehemu nyingi za dunia bado unatokana na makaa ya mawe, kwa hiyo tunahamisha moshi kutoka kwenye ekzosi kwenda kwenye bomba la mtambo. Na kobalti ya betri kwa sehemu kubwa inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako baadhi ya machimbo madogo yamehusishwa na kazi za watoto. La pili, kwa nini hidrojeni haikutajwa, ilhali gari lake linajazwa kwa dakika chache na linatoa mvuke wa maji tu?

Mleta mada

Nawashukuru wote wawili. Naanza na suala la mtaji, kwa sababu ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa. Ni kweli kabisa kwamba mwenye teksi moja hawezi kubeba bei ya betri peke yake, na ndiyo maana nasema fedha za umma ziende hapo badala ya kwenda kumfutia ushuru mnunuzi wa gari la kifahari. Kwa pikipiki ipo njia iliyokwisha kujaribiwa, nayo ni kumuuzia dereva chombo bila betri. Huko Taiwan, tangu 2015, waendesha skuta wamekuwa wakifika kwenye kabati la barabarani, wakiingiza betri iliyoisha chaji na kuondoka na iliyojaa, na wanalipia matumizi tu. Dereva halazimiki kukopa kwa ajili ya betri, na ikichakaa hasara ni ya kampuni inayomiliki betri.

Kuhusu gesi, sina ugomvi na mwenye gari kuukuu anayefunga mtungi kwa fedha yake mahali ambapo gesi inachimbwa nchini. Anaokoa, na hewa ya mtaa inapumua. Ninachopinga ni serikali kujenga mabomba na vituo vya gesi vitakavyohitaji miaka 20 au 30 kurudisha gharama, kwa sababu hapo itakuwa imejifunga kwenye soko lilelile la kupanda na kushuka. Mwaka 2022 gesi barani Ulaya ilifikia bei ambayo haikuwahi kuonekana. Isitoshe, gesi hiyo ni methani, ambayo ikivuja huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 ya kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 20, na mitungi na mabomba huvuja. Suala la transfoma umelisema vizuri, nami naliongeza kwenye hoja yangu: yadi ya mabasi ni mahali pamoja panapojulikana, penye ratiba, kwa hiyo ni rahisi kupapelekea laini yake ya umeme kuliko kuwahudumia watu elfu moja wanaochaji nyumbani kila mmoja kwa wakati wake. Pasipo na umeme wa uhakika, laini itangulie ndipo mabasi yafuate.

Ndugu mchangiaji wa pili, pale ambapo umeme wote ni wa makaa ya mawe, nakubali kwamba faida kwa hali ya hewa ya dunia ni ndogo, ingawa abiria kituoni anaacha kuvuta moshi. Lakini injini ya petroli itakuwa ileile mpaka itakapotupwa, wakati gari la umeme linapata nafuu kila mtambo wa jua, upepo au maji unapoongezwa kwenye gridi. Betri za lithiamu zilizotengenezwa kwa chuma na fosfeti hazina kobalti wala nikeli, na mabasi mengi ya China yanazitumia, kwa hiyo zabuni ya mabasi inaweza kulitaka hilo kwa maandishi. Hidrojeni sikuitaja kwa sababu nyingi yake leo hutengenezwa kutokana na gesi asilia, na ukiitengeneza kwa umeme, ukaishindilia hadi bar 700 na kuigeuza tena kuwa umeme ndani ya gari, kinachofika kwenye tairi ni kiasi cha theluthi moja ya umeme ulioanza nao. Umeme huohuo ukiingia moja kwa moja kwenye betri, kinachofika ni karibu robo tatu.

Limebaki jambo ambalo hamkuligusa, nalo ndilo litakaloua mpango huu kama halitasemwa mapema. Barabara katika nchi nyingi hujengwa kwa ushuru wa mafuta. Norway ilianza kuyapunguzia kodi magari ya umeme miaka ya 1990, ikayaondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2001, na mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Lakini mwaka 2023 ilibidi irudishe kodi hiyo kwa sehemu ya bei inayozidi kroni 500,000, na New Zealand nayo ilianza kuyatoza magari ya umeme ada ya kilomita Aprili 2024. Mmiliki aliyeahidiwa msamaha bila kuambiwa mwisho wake huona amedanganywa, kama walivyoona wale wa Brazil. Kwa hiyo napendekeza kwamba siku serikali inapotangaza nafuu kwa basi, teksi au pikipiki ya umeme, itangaze papo hapo ni mwaka gani ada ya barabara itaanza kutozwa na kwa kiwango gani kwa kilomita, ili mwenye chombo aiingize kwenye hesabu yake kabla hajasaini mkopo.