Maji ya kijani kwenye mabwawa ya majitaka, ni safi au?

Wadau wa Mbeya habarini, jana nimepita Kalobe kwenye yale mabwawa ya majitaka nikakuta maji ya kijani kibichi, sasa hapo ndo yameshasafishwa au bado? Na wenzetu wa Dar walio jirani na bahari nao wanatumia mabwawa?

Fundi bomba: Mkuu, huo ukijani ni mwani, yaani vijimea vidogo vya majini, mchana unatoa oksijeni bakteria wanaitumia kula taka. Bwawa la kwanza kina mita 3 hadi 5, tope linatuama hapo na ndo panaponuka, la mwisho mita 1 hivi ili jua lipenye liue vijidudu. Baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7 inawapunguzia bakteria kasi.

Mama bustani: Dar mabwawa yapo, ila majitaka ya katikati ya mji miaka na miaka yalikuwa yanaenda na bomba mpaka baharini. Mi kinachoniuma ni mboga, kuna watu wanamwagilia chainizi kwa maji ya mtaro na mayai ya minyoo yananasa kwenye majani, jamani osheni vizuri halafu pikeni ziive.

Muuliza: Asante dada, kachumbari ya majani nimeacha leo.