Kichwamaji: tuiite riwaya ya udhanaishi au ya ubwege?

Kalamu_Kavu

Wakuu, naomba msaada wa uchambuzi. Insha ni ya maneno 2,000, inataka ulinganisho wa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi na L'Étranger (1942) ya Albert Camus. Kuna miongozo inayoiweka Kichwamaji kwenye udhanaishi (falsafa inayosema mtu hujiundia maana mwenyewe kwa anayoyachagua), mingine kwenye ubwege (mgongano wa mtu anayetaka maana na ulimwengu usiompa), na mingine inayatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni pacha. Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji, haoni maana ya maisha; Meursault wa L'Étranger vilevile. Mmoja anajiua, mwingine anahukumiwa kifo. Je, kuna kipimo kinachoweza kuonyeshwa ndani ya matini yenyewe? Kutaja kifo, upweke na kukata tamaa hakutoshi, maana hayo yamejaa hata kwenye tenzi za zamani na hakuna anayeziita za ubwege.

Mwanandani

Umegusa penyewe kwa hilo la tenzi. Al-Inkishafi, utenzi wa kale, inatuonyesha majumba ya mji wa Pate yaliyobaki magofu, popo na buibui ndio wenyeji, na bado si ubwege hata kidogo, kwa sababu mtunzi anajua maana iko wapi: iko akhera. Dunia ndiyo iliyohadaa. Kwa hiyo kuoza kwa dunia peke yake si ushahidi.

Neno "ubwege" nalo linapotosha. Wanafunzi huandika kwamba wahusika ni mabwege, yaani wajinga. Sivyo. Katika Le Mythe de Sisyphe (1942 pia) Camus anasema ubwege haumo ndani ya mtu wala ndani ya ulimwengu, umo katika kukutana kwao. Fikiria mtu anapiga hodi mlangoni na hakuna anayemwitikia karibu. Hodi peke yake haina ubwege, nyumba tupu nayo haina. Ubwege ni hodi ile kutojibiwa, na mpigaji hodi hawezi kuacha kutaka jibu.

Kutoka hapo kuna njia tatu, na hapa ndipo insha nyingi zinapoharibika. Ya kwanza ni kuondoka mlangoni, yaani kujiua. Ya pili ni kujiaminisha kwamba umesikia "karibu" ya sauti ndogo; Camus anaiita kujiua kwa kifalsafa, na anamtaja mwanafalsafa Kierkegaard kuwa mmoja wa walioruka hivyo. Zote mbili anazikataa, kwa kuwa kila moja inafuta upande mmoja wa tatizo. Ya tatu ni kuendelea kupiga hodi ukijua. Ndiyo ya Sisyphus, yule wa visasili vya Kigiriki anayesukuma jiwe mlimani milele, nalo huporomoka kila mara.

Sasa mweke Kazimoto hapo. Anajiua. Kwa hesabu ya Camus, riwaya yako inaishia kwenye jibu ambalo kitabu kizima cha Camus kimeandikwa kulipinga. Ukisema "wote wawili ni wahusika wa Camus" umekosea kabla hujaanza. Na ikumbukwe kwamba Camus mwenyewe alikana mwaka 1945 kuwa mdhanaishi.

Fundi_wa_Matini

Kipimo kipo, nacho ni sarufi. Tazama jinsi tukio moja linavyofungwa na linalofuata.

L'Étranger imesimuliwa kwa njeo (umbo la kitenzi linaloonyesha wakati) ya wakati uliopita ya mazungumzo ya kila siku, badala ya ile njeo ya masimulizi ambayo riwaya za Kifaransa zilizoea. Matokeo yake ni kwamba kila tendo linasimama peke yake, halisukumi la pili. Mwanafalsafa Jean-Paul Sartre aliliona hilo mapema, mwaka 1943: kila sentensi ni kisiwa.

Kwa Kiswahili tunaweza kulihisi vizuri kupitia kiambishi -ka-. Sisi tukisimulia tunasema: alikunywa kahawa, akavuta sigara, akalala. Hiyo -ka- ni kamba, inamwambia msikilizaji kwamba haya yanafuatana na yana mkono mmoja. Meursault anazungumza bila kamba: Nilikunywa kahawa. Nilivuta sigara. Nililala. Haelezi kwa nini, kwa sababu kwake hakuna "kwa nini" iliyofichika nyuma.

Halafu fika sehemu ya pili, kesi. Mwendesha mashtaka anafanya nini? Anaitia -ka- maisha ya Meursault. Alikunywa kahawa ya maziwa kando ya jeneza la mama yake, akavuta sigara, kesho yake akaenda kuogelea, akaanza uhusiano na mwanamke, akaenda kutazama filamu ya kuchekesha, hatimaye akaua. Mambo yaleyale ya sehemu ya kwanza, hakuna jipya lililoongezwa isipokuwa kamba, na kamba hiyo ndiyo inayompeleka kwenye kifo. Anahukumiwa kwa kutomlia mama yake zaidi ya kwa kumuua Mwarabu ambaye hata jina hatupewi. (Hilo la jina lisipite kimyakimya kwenye insha. Ni Algeria ya kikoloni, na ukimya huo wa mahakama na wa msimulizi una historia yake.)

Rudi Kichwamaji. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, mama yao naye anakufa. Kazimoto anamwendea Sabina, dada yake Manase, akiwa na kisasi moyoni, kisha anamuoa. Mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa, kama ilivyokuwa kwa mtoto wa Manase, na kisa kinaufungamanisha msiba huo na mienendo ya baba zao. Kila pingili imeshikana na nyingine. Hii ni -ka- kutoka mwanzo hadi mwisho! Mhusika anasema ulimwengu hauna mantiki ilhali masimulizi yana mantiki kali kuliko ya mahakama. Kwa hiyo: maudhui ya kidhanaishi ndani ya umbo la uhalisia. Ubwege wa umbo haumo.

Nahodha_wa_Usiku

Nakubaliana na Fundi kuhusu umbo. Kwenye maudhui ningekaza zaidi. "Udhanaishi" wa nani? Kwa Sartre, katika mhadhara wake wa Oktoba 1945, mtu kwanza yupo, kisha anajiumba kwa anayoyachagua, na hana wa kumsingizia. Kazimoto ana hofu, ana upweke wa msomi aliyejitenga na kijiji, ana shaka kuhusu Mungu. Lakini je, anayabeba machaguo yake? Kila mara anayatazama maisha yake kama jambo lililompata. Sartre angekuita huko kujidanganya: kujifanya kitu kisicho na hiari ili usiubebe uhuru wako.

Usiandike "Kazimoto ni mdhanaishi". Andika kwamba riwaya inaliuliza swali la udhanaishi kupitia mtu anayeshindwa kulijibu. Kauli hiyo unaweza kuitetea. Ile ya kwanza itaporomoka kwa swali moja la msahihishaji.

Kalamu_Kavu

Asanteni sana. Kwa hiyo kama umbo ndilo kipimo, mfano wa Kiswahili wa ubwege wa umbo ni upi? Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya nyingine za Kezilahabi?

Mwanandani

Kwa tahadhari. Pale kamba imekatika kweli: wakati unajikunja, mahali hapana ramani. Lakini msimulizi anatafuta jambo, na riwaya inauheshimu utafutaji huo, hata inaazima kutoka visasili na dini. Linganisha na mchezo En attendant Godot wa Samuel Beckett, ulioonyeshwa Paris mara ya kwanza Januari 1953. Sehemu ya pili inairudia ya kwanza, badiliko kubwa jukwaani ni majani machache mtini. Wahusika wawili wanajaribu kujinyonga, kamba inakatika. Wanasema twende, hawaondoki. Kwa Kiswahili, kilicho karibu na huo ni mchezo Amezidi (1995) wa Said Ahmed Mohamed, na wahusika wake Ame na Zidi.

Ila kwa maneno 2,000 usiyabebe yote hayo. Maneno 250 kwa istilahi, 700 kwa kila riwaya, 350 ya ulinganisho. Nagona ipe sentensi mbili.

Fundi_wa_Matini

Jambo moja la kivitendo. Chukua ukurasa mmoja wa kila riwaya, upigie mstari kila kiunganishi cha sababu na kila -ka-, uhesabu, kisha uweke matokeo kwenye insha. Upande wa Camus hesabu kwenye Kifaransa hata kama unakisoma kwa kusuasua, ukitafuta *parce que* (kwa sababu), *donc* (kwa hiyo), *alors* (basi). Tafsiri za Kiingereza hazitakusaidia kwenye njeo, kwa kuwa huzitia njeo zile mbili za Kifaransa kwenye chungu kimoja, na tofauti unayoitafuta inapotelea humo.