Serebela imesinyaa: ni MSA, ni ya kurithi, au ni dawa?

Tabibu_wa_Zamu: Wakuu, mgonjwa ana miaka 56, mwaka wa pili sasa anapepesuka kama mlevi na ulimi ni mzito. CT haina kiharusi. Ripoti inasema serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, imesinyaa. Kilichokufa humo ni nini hasa, na chanzo nianze kukitafutia wapi?

Nyuzi_Neva: Mara nyingi zinazotangulia kufa ni seli za Purkinje. Kila amri inayotoka kwenye gamba la serebela hupitia kwao, na kazi yao ni kuvizuia viini vya ndani visirushe ishara ovyo. Zikipungua, misuli inapishana muda. Nguvu inabaki: atakubana mkono barabara, halafu kikombe kikose mdomo.

Chukua SCA2, mojawapo ya magonjwa ya kurithi ya serebela yaitwayo SCA, iliyokithiri huko Holguín, Cuba. Jeni ya ATXN2 kwa kawaida ina marudio 22 hivi ya CAG, yaani herufi tatu za DNA. Yakifika 33 na kuendelea, protini yake huanza kurundikana. Yakizidi kuwa mengi, ugonjwa huwahi kuanza. MSA, ugonjwa unaoharibu serebela pamoja na neva zinazoendesha presha na mkojo, ni kisa kingine: protini ya alfa-sinukleini hujaa kwenye seli zinazofunika nyuzi za neva, na kwa kawaida hairithiwi.

Mzee_wa_Wodi: Kabla ya majina makubwa, ondoa yanayotibika: pombe, fenitoini (dawa ya kifafa), upungufu wa B12 au vitamini E, hitilafu ya tezi la shingo (thairoidi), kaswende, VVU. Fenitoini usiikate ghafla, kifafa kitamrudia vibaya.

Kisha mlaze dakika 5, pima presha. Asimame, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, na mkojo unamsumbua, MSA inapanda kwenye orodha. Wengi humkalisha badala ya kumlaza, kipimo kinapotea hapo. Ule msalaba unaohusishwa na MSA, kwenye ponsi (sehemu ya shina la ubongo), ukionekana kwa MRI usishangilie, hata SCA huweza kuutoa.

Tabibu_wa_Zamu: Imeshuka 138 hadi 104. Ila anameza amlodipini, dawa ya kushusha presha.

Mzee_wa_Wodi: Amlodipini inaweza kuchangia. Tazama mapigo: kwa mshuko wa 34, moyo ukiongeza chini ya 17 kwa dakika, neva ndizo zimeshindwa kuitikia.

Nyuzi_Neva: Na macho usiyasahau. Inua vidole viwili, kimoja kila upande, aruke macho huku na huku kichwa kikiwa kimetulia. Yakijikokota badala ya kuruka, fikiria SCA2, kisha uulize wazazi na ndugu zake hutembeaje.