Nani kawapa mizani ya kupima Mwairishi halisi?

Wakuu, naandika huku bado nina hasira.

Jumamosi nilimpeleka binti yangu wa miaka 11 kwenye mechi ya camogie hapa Dublin, ule mchezo wa fimbo na mpira ambao kwa wanaume unaitwa hurling. Katoka uwanjani tope hadi magotini, fimbo mkononi, utepe wa mpini umebanduka. Mzee mmoja akamuuliza katokea wapi. Mtoto akajibu kwa Kiairishi, "Is as Baile Átha Cliath mé," yaani mimi ni wa Dublin. Yule mzee hakuambulia hata neno! Akarudia kwa Kiingereza: hapana, asili yako hasa ni wapi?

Yaani mtu haijui lugha ambayo katiba ya nchi yake tangu 1937 inaitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza, halafu yeye ndiye wa kuamua nani halisi?

Huyo mtakatifu Patrick wanayemwandamania kila Machi 17 alizaliwa Uingereza, akafikishwa Ireland akiwa mtumwa. De Valera, kamanda katika uasi wa 1916 dhidi ya Waingereza na baadaye rais wa Ireland, kazaliwa New York. Seán Óg Ó hAilpín kazaliwa Fiji, mama yake wa hukohuko. Mwaka 2005 akiwa nahodha wa timu ya kaunti ya Cork alipokea kombe la hurling la Ireland nzima na kuhutubia kwa Kiairishi. Sasa mwanangu kapungukiwa nini?

Kinachoniuma zaidi ni sheria. Juni 2004 walipiga kura ya maoni, asilimia 79 wakakubali kwamba kuzaliwa Ireland peke yake hakumpi mtoto uraia. Lakini mtu wa Boston ambaye bibi yake alizaliwa Ireland anajiandikisha na kupata pasipoti, hata kama hajawahi kukanyaga huku. Haki yake siipingi (ile njaa iliyoanza 1845 iliwatawanya vibaya, na uchungu wa kuacha kwenu naujua), ila msiniambie damu ndiyo utamaduni. Anayefanya mazoezi kwenye mvua ni nani? Anayekariri vitenzi vya Kiairishi kila jioni mezani kwangu ni nani?

Tukiwa kwenye gari mtoto alikaa kimya mpaka tukakaribia nyumbani. Ndipo akaniuliza: "Mama, kwani nilikosea maneno?"