Mrejesho: taa hafifu za Corolla 110

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwanini taa za mbele za Corolla 110 yangu zinawaka kama kibatari, wengi mkasema ninunue LED. Aisee balbu hazikuwa na shida kabisa! Fundi umeme hapa Tanga kapima na mita, betri volti 12.5 lakini kwenye soketi ya balbu inafika 10.4 tu, kufungua waya wa ethi (ule unaorudisha umeme betri kupitia bodi ya gari) pale kwenye bodi umeota unga wa kijani, hii chumvi ya bahari inatumaliza jamani. Tukakata, tukabana temino mpya (kile kichwa cha chuma cha waya), bodi tukaipiga msasa mpaka bati likang'aa, tukafunga kisha grisi juu, halafu tukaweka rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme) na fyuzi, umeme wa taa sasa unatoka betri moja kwa moja. Balbu zilezile H4 za wati 60/55 na usiku naona shimo tangu mbali. Aliyesema nianze na ethi, ubarikiwe sana mkuu